Miezi ya Shanga Nyeupe

Katika baraza ya akina mama, hospitali ninayokwenda hapa Palma, kuna mabenchi mawili yanayotazamana. Kwenye benchi la ukutani hukaa wenye mimba. Kwenye benchi la upande wa ua hukaa wanaofuata vidonge na sindano za kupanga uzazi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini ukikosea utaambiwa. Siku niliyokwenda kusema kwamba nimeacha vidonge na damu yangu ya mwezi hairudi, sikujua nikae wapi. Nilisimama nimeegemea nguzo mpaka mama mmoja mwenye tumbo kubwa akaniuliza, "Dada, wewe wa huku au wa kule?"

Nikamwambia, "Namsubiri mtu."

Akacheka, akasogea. Sikukaa.

Ninaandika kwa ajili ya wale wanaosimama penye nguzo kama ile. Nimesoma darasa la saba tu, kwa hiyo sitaeleza mambo ya ndani ya tumbo kama wanavyoyaeleza wenyewe wenye kazi hiyo. Nitasema yaliyonipata mimi. Mengi yake ni wivu, na kama nitaficha wivu basi nitakuwa sijaandika kitu.

Vidonge nilianza kumeza kambini. Tulikimbia kutoka kijijini kwetu Quiterajo wakati wa vita, mimi na mume wangu Bakari, mama yake, dada yake Fatu pamoja na mumewe, na watoto wetu. Mimi nilikuwa na Saada, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Fatu alikuwa na Juma. Saada alifia kambini kwa kuhara. Tukamzika pale, chini ya mikorosho ya mtu tusiyemjua, na tulipohamishwa sikupata kurudi. Juma alipona. Hayo ndiyo yalitokea na sina la kuongeza.

Baada ya hapo sikutaka tumbo la kukimbia nalo. Fatu naye hakutaka. Alisema ana mgongo mmoja tu na Juma ameshaukalia. Wauguzi waliokuja kambini wakatupa vidonge, tukawa tunameza pamoja kila jioni baada ya kula. Hata tulipofika Palma tukajenga vyumba vyetu katika ua mmoja, tuliendelea hivyo hivyo. Nilikuwa nasikia sauti yake kutoka upande wa pili wa ua.

"Wifi, umemeza?"

"Nimemeza. Wewe?"

"Nasubiri chai ipoe."

"Chai yako ikichelewa utazaa mapacha."

Mama mkwe alikuwa akitusikia na kusonya.

Mambo yalipotulia kidogo, Bakari alianza biashara ya kuvuka mto wa mpakani pale Namoto. Hupeleka samaki wakavu ng'ambo, hurudi na sabuni na kanga. Jioni moja aliniambia, huku anavua viatu, kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Nilijua anasema nini. Nikamwambia Fatu, naye akaniambia mumewe amesema vilevile juzi. Mfungo wa Ramadhani ulipokwisha tukaacha vidonge siku moja, kama tulivyovianza.

Fatu akasema, "Tutazaa pamoja, wifi. Watoto wanyonye kwa yeyote watakayemkuta."

Nilicheka, na nilimwamini.

Sasa nieleze jambo la shanga, maana msomaji wa mbali hatalijua. Kwetu, msichana anapotoka unyagoni hupewa shanga na somo wake, yaani mama aliyemfunda. Hupewa nyeupe na nyekundu. Akiolewa huzitundika kwenye msumari kichwani mwa kitanda. Zikining'inia nyekundu, mume anajua mke yumo mwezini, wala haulizi. Zikining'inia nyeupe, mke ni msafi. Mke akishika mimba, somo huja na kitambaa, huzichukua zile nyekundu akaenda kuziweka kwake mpaka mtoto atimize arobaini. Kwa hiyo watu wa nyumbani hawana haja ya kumwuliza mwanamke maswali ya aibu. Msumari unajibu.

Mwezi wa kwanza baada ya kuacha vidonge, msumari wangu ulikaa na nyeupe. Wa pili, nyeupe. Matiti yaliuma. Chunusi zilinitoka kidevuni kama mwali. Nywele zilibaki kwenye kitana, nami nikazikunja na kuzifukia ili mama mkwe asizione. Harufu ya samaki wa kukaanga ikanichukiza. Nani angeniambia kwamba si mimba? Niliweka mkono tumboni wakati wa kuchota maji, wakati wa kutwanga, hata nikiwa naswali. Nilikuwa nimeshaanza kuzungumza naye.

Mwezi wa tatu ulipopita, Bakari akiwa ng'ambo, mama mkwe aliingia chumbani kutoa godoro alianike juani. Aliona zile nyeupe, na akakumbuka kwamba aliziona pia mara ya mwisho. Hakuniuliza. Alifanya kama inavyofanywa: alimtumia habari somo wangu, Bibi Tima, ambaye pia ni somo wa Fatu.

Bibi Tima alikuja asubuhi, amevaa kanga mpya. Alikaa mkekani akafungua mkoba, akatoa vitambaa viwili vilivyopigwa pasi.

"Haya," alisema, "Mungu akinipa kazi mbili katika ua mmoja, mimi ni nani nikatae?"

Nilitaka kufurahi, kisha nikalisikia neno moja. Mbili. Nikamtazama Fatu. Alikuwa ameinama, anachezea ukindu wa mkeka. Alikuwa amekwenda hospitali wiki ile bila kuniambia, wakampima, wakamkuta ana mimba. Aliinuka akaingia chumbani kwake, akarudi na shanga zake nyekundu mkononi, akaziweka kwenye kitambaa. Bibi Tima akakunja pembe kwa pembe, akafunga.

Kisha akanigeukia. "Zako, mwanangu?"

Nikasema, "Sijapimwa, bibi."

"Msumari umepima."

Lakini Bibi Tima si mtu wa kubahatisha. Alinichukua ndani, akanilaza, akabonyeza tumbo taratibu kwa viganja vyake vikavu, akaniuliza juu ya matiti, juu ya ulimi, juu ya usingizi. Mwishowe akanishushia kanga yangu, akaniambia, "Nenda hospitali kwanza. Hizi zibaki kwako kwa leo."

Tulipotoka nje, mama mkwe aliona kitambaa cha pili bado kimekunjwa kama kilivyokuja. Akatazama upande wa jikoni. Fatu akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, sikutaka kukutangulia."

Niliingia ndani nikaketi kitandani chini ya zile shanga nyeupe. Sikuwa na mimba, na nilijua kabla ya kupimwa hospitali.

Ndiyo maana kesho yake nikajikuta nimesimama penye nguzo. Muuguzi, tunamwita Dona Celina, ni mwanamke wa bara aliyenyooka, anachanganya Kiswahili na Kireno, na kila mwanamke humwita mana, yaani dada. Alinipima mkojo, hakuna mimba. Alinichoma kidole, damu ilikuwa kidogo. Nilikuwa na malaria pia, ambayo sikuisikia kama malaria. Niliwaza niliyoyasikia nyumbani, nikamwuliza kama vidonge vimeharibu tumbo langu.

"Hapana, mana. Ukiacha, vinatoka. Wengine damu inarudi upesi, wengine inachelewa. Wewe mwili wako umekonda, umechoka. Na wewe ulikimbia vita, sivyo?"

"Ndiyo."

"Wewe umefika Palma. Mwili bado uko njiani. Tuungojee."

Alinipa dawa ya malaria, dawa ya minyoo, na vidonge vyekundu vya kuongeza damu ambavyo alisema ni vizuri kwa mwanamke yeyote anayejiandaa kupata mtoto. Akaniambia nile kisamvu, dagaa, mayai nikiyapata, na nilale. Akaongeza jambo ambalo ninalirudia kwa kila anayesoma hapa: ikipita miezi mitatu damu haijarudi, usikae nyumbani ukitazama msumari. Nenda ukaulize. Mimi nilikuwa nimeipoteza miezi yangu kwa matumaini.

Basi nikawa tena mtu wa vidonge vya kila siku. Vilinifunga choo, vikakigeuza cheusi kama lami, na vilinitia kichefuchefu. Jioni nilivimeza peke yangu. Hakuna aliyeuliza kama nimemeza.

Msimu wa korosho ulifika, na tumbo la Fatu likaanza kuonekana. Sijui nilieleze vipi lililonipata. Nilimwonea wivu wa kutapika. Nilimsikia nyuma ya choo asubuhi, nikawaza kwamba yale matapishi yalikuwa yangu, amenichukulia. Nilimwonea wivu alipotaka embe bichi kwa chumvi, na mama mkwe akaondoka juani kwenda kulitafuta. Kichwa cha samaki, ambacho siku zote tuligawana, sasa kilikwenda kwenye sahani yake bila maneno. Nilimwonea wivu namna alivyoinuka, mkono kiunoni. Jirani alikuwa na mbuzi aliyezaa kila tulipogeuka, nikawa siwezi kupita njia ile.

Lililoniuma kuliko yote ni kwamba alikuwa na Juma. Sitaki kusema zaidi hapo. Alikuwa na Juma, na anaongezewa.

Fatu alijaribu. Alinifuata kisimani akaniambia, "Wifi, lako linakuja. Mungu hana haraka." Nilimwambia, "Wewe kwako alikuwa nayo." Baada ya siku ile hakunipa tena maneno mazuri. Alichofanya ni kwamba kila alipopita mbele yangu alivuta kanga yake na kulifunika tumbo. Hata kwenye joto kali. Nilimchukia kwa hilo pia, nilidhani anaogopa kijicho changu.

Mama mkwe yeye hakuficha. Tulikuwa tunachambua mchele.

"Vidonge vimeligandisha tumbo lako. Nilisonya kila jioni, hamkusikia."

"Fatu alimeza vilevile, mama. Kutoka pakiti ileile."

"Fatu ana damu ya kwetu."

Wiki chache baadaye akaanza kumtaja binti wa jamaa zao wa ng'ambo, Mtwara, mwenye adabu na nyonga pana. Bakari alikuwa anakula. Hakusema ndiyo wala hapana, akaomba maji. Usiku ule nilimwambia kama anataka kuoa aoe kabla mvua hazijaharibu barabara. Akasema, "Mimi nimeomba maji tu."

Lakini siku yangu ya kurudi hospitali aliahirisha safari yake, akaja nami. Sikumwomba. Wanaume hawaingii baraza ile, wote wakamtazama. Dona Celina alimtaka naye apimwe damu, akakubali, kisha akamwuliza mbele ya mlango uliokuwa wazi.

"Bwana, nyumbani unakaa lini?"

"Nikirudi."

"Unarudi lini?"

"Biashara ikiisha."

"Inaisha lini?"

Bakari akafikiri kwa makini. "Haiishi."

"Basi mtoto naye ataletwa na nani? Na sabuni?"

Mabenchi yote mawili yalicheka, la ukutani na la uani. Hata mimi nilicheka, nikiwa nimesimama penye nguzo yangu. Bakari alitoka pale amekunja uso, lakini tangu siku hiyo alianza kumtuma mwenzake kuvuka baadhi ya safari. Na yule binti wa Mtwara hakutajwa tena mbele yangu. Sijui alimwambia nini mama yake.

Fatu alijifungua wakati wa mvua kubwa, mtoto wa kike. Alizaliwa hospitali, salama. Nilipika uji wa mzazi, nilifua nguo za damu, nilifanya yote ambayo wifi anafanya. Mikono yangu ilifanya. Mtoto sikumpakata. Nilisema nina mafua.

Siku ya saba, mtoto alipopewa jina, ilibidi avishwe ushanga wa kiunoni. Katika nyumba ya mume wangu ushanga wa binti wa kwanza huenda kwa binti anayefuata, na kwa wa baada yake. Binti wa kwanza alikuwa Saada. Ushanga wake niliuvua siku ile kambini, na tangu hapo unakaa ndani ya mto wangu, nimeushonea humo. Wanawake walikuwa wamejaa mkekani. Mama mkwe aliniambia kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionichoma, "Mke wa Bakari, lete ule ushanga."

Nikasema, "Hapana."

"Ni wa nyumba hii, mwanangu. Si wa mtu."

"Ni wa Saada."

"Saada hana kiuno tena."

Kuna mmoja alianza kukohoa. Sikuinuka. Kama ningekuwa na mtoto mwingine, au hata tumbo tu, labda ningeutoa. Sikuwa na kitu kingine chochote duniani, na huyu aliyekuwa na viwili anataka na changu kimoja. Ndivyo nilivyowaza, ingawa Fatu hakuwa amefungua mdomo.

Ndipo akaufungua. Alikuwa amelaza mtoto mapajani. "Mama, mwacheni wifi yangu. Bibi Tima, nipe uzi."

Bibi Tima akampa uzi na chupa ya shanga mpya, Fatu akatunga mwenyewe, akiwa bado na maumivu ya kukaa. Zilikuwa za buluu. Hazikufanana na za nyumba ile. Mama mkwe alisema hajapata kuona jambo kama hilo, na kwamba nyumba imevunja kamba yake, na hakunisemesha mpaka arobaini ikapita.

Ule ushanga sijautoa mpaka leo. Nimejaribu kujuta, sijaweza.

Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Asubuhi moja nilikuwa natwanga muhogo nikasikia kiuno kinavuta, kama kamba inayokazwa taratibu. Nilikwenda chooni. Nilipoona, nilikaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Damu. Kidogo, nyeusi nyeusi, lakini yangu. Nilijifunga, nikaingia chumbani, nikazitoa zile nyeupe msumarini nikatundika nyekundu. Zilikuwa zimeshika vumbi. Nilizifuta moja moja kwa upindo wa kanga.

Fatu alikuwa mlangoni kwake ananyonyesha. Nilimwambia kwa mbali, "Wifi, nimeziona nyekundu."

Akapiga kigelegele. Kwa damu ya mwezi. Majirani wakatoa vichwa kuuliza nani ameposwa, naye akawajibu, "Hakuna, nimefurahi tu, kwani kufurahi kuna kodi?" Maziwa yalikuwa yanamtiririka hadi tumboni kwa kucheka, nami nikayaona, na wivu ukarudi papo hapo, katikati ya furaha. Haukuwa umeondoka.

Bakari aliporudi jioni alitazama msumari, akainamisha kichwa. "Pole, mke wangu."

"Usinipe pole. Nipe hongera."

Alinishika paji la uso kuona kama malaria imerudi.

Baada ya hapo ilikuwa nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kama kwa wanawake wengine. Dona Celina alisema huo ndio mwendo. Aliniongezea vidonge vyekundu, akanieleza siku zipi Bakari asivuke mto. Kila nyekundu iliporudi sasa iliniuma, maana ilikuwa imeacha kuwa habari njema. Mtoto wa Fatu alianza kukaa, kisha kutambaa. Alipenda kuja chumbani kwangu kuvuta upande wa neti. Siku moja nilimpakata kwa sababu alikuwa anaelekea kwenye mkaa. Kumshusha sikukumbuka.

Halafu nyeupe zikakaa.

Safari hii sikuzungumza na tumbo, na sikumwachia mtu anisomee msumari. Nilikwenda hospitali kwanza. Dona Celina alipima, akanyanyua kile kijiti kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Haya, mana. Mwili umefika." Ndipo nikamwita Bibi Tima mimi mwenyewe. Alikuja na kitambaa kimoja. Nilipomkabidhi zile nyekundu mkono ulikuwa mzito; ilibidi azivute kidogo.

Sasa msimu mwingine wa korosho unaelekea kwisha, na mtoto anacheza tumboni. Naogopa kila siku, hilo sijaponywa. Mwanamke aliyezika huhesabu tofauti na wengine, hata tumboni. Wala sikuambii kwamba wewe unayesoma lako lazima litakuja, kwa sababu mimi niliambiwa hivyo na sikupenda.

Juzi ilikuwa zamu yangu ya kwenda hospitali. Nilikaa benchi la ukutani, na bado najiona kama nimekaa mahali pa mtu. Penye nguzo alisimama msichana, kanga yake mpya, mikono mitupu. Mama aliye karibu nami akamwuliza, "Wewe wa huku au wa kule?" Akasema anamsubiri shangazi yake.

Alinitazama tumbo. Akageuka, akatazama tena. Lile jicho nilikuwa nalijua vizuri, maana nililitumia mwaka mzima katika ua wetu. Nilijaa maneno mdomoni. Nilitaka kumwambia juu ya vidonge vyekundu, juu ya kisamvu, juu ya shanga na Fatu. Kisha nikamkumbuka Fatu akivuta kanga kwenye joto, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hakuwa akiogopa kijicho changu; alikuwa akinipunguzia uchungu.

Sikumwambia kitu. Nilivuta kanga yangu, nikalifunika tumbo, nikamwacha anichukie kwa nafasi yake mpaka jina langu likaitwa.